"Mwandishi Wetu"... wa nani?

Najua wengi mnakuja hapa kusoma vituko vya ughaibuni: joto la Julai, foleni za kutuma pesa, nani kapata likizo na nani kanyimwa. Leo naomba mnivumilie. Leo nina ugomvi, na nimekaa nao kifuani tangu Kombe la Dunia la 2022.

Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu: MWANDISHI WETU.

Mnayajua. Fungua gazeti au jarida la michezo la kule nyumbani, chini ya kichwa cha habari utayakuta. "Na Mwandishi Wetu, Tanga." "Na Mwandishi Wetu, Mwanza." Siku hizi mpaka "Na Mwandishi Wetu, Doha". Kuna wakati maneno hayo yana sababu njema. Mtu kafichua uovu wa mkubwa fulani, mhariri anamficha asije akadhurika. Hapo sina neno, tena nampongeza mhariri. Lakini mtu aliyeandika kwamba mashabiki wa Cameroon walicheza ngoma mpaka sauti zikakauka, anafichwa asidhuriwe na nani jamani? Na Brazil?

Ninachokiona ni hiki. Mwandishi wa kujitegemea anakuwa "wetu" pale jina lake linapotakiwa lifutwe. Siku ya mshahara, bima na likizo, ghafla si "wetu" tena, ni mtu wa nje. Haiwezekani mkashika kotekote. Kama mimi ni wenu, niajirini. Kama si wenu, basi mlichonunua kwangu ni ruhusa ya kuchapa makala yangu mara moja kama tulivyokubaliana, na kilichobaki ni changu.

Ndiyo hoja yangu yote ya leo. Yanayofuata ni maelezo yake.

YALIYONIKUTA

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nafanya kazi ya stoo katika hoteli moja hapa Lusail. Kuandika ni kazi ya usiku na ya kwenye tramu. Kabla ya Kombe la Dunia, jarida moja la mashabiki huko nyumbani (silitaji, na msinitumie ujumbe wa siri kuniuliza) lilinitafuta. Tukakubaliana kwa simu: makala tano, shilingi 30,000 kila moja, za kutoka kwenye matoleo ya kipindi cha mashindano. Basi.

Nikaandika. Niliandika juu ya Wasaudia walivyofurika mitaani tarehe 22 Novemba baada ya timu yao kuichapa Argentina 2-1 kwenye uwanja wetu huu wa Lusail. Niliandika juu ya tarehe 2 Desemba, siku Vincent Aboubakar alipoifunga Brazil dakika za nyongeza, akavua jezi kwa furaha huku akijua ana kadi ya njano, refa akampa mkono kwanza ndipo akamtoa nje. Nikaandika juu ya fainali ya tarehe 18 Desemba, watu 88,966 uwanjani, na sisi wengine tukiwa zamu tunasikiliza kelele kutoka mbali.

Makala tatu zililipwa. Mbili, mpaka leo, bado. Nikiuliza, mhasibu yuko safari. Nikiuliza tena, tunasubiri pesa za matangazo. Nikiuliza mara ya tatu, "wiki ijayo kaka". Danadana za namna hiyo hata Messi angezipigia makofi.

Lakini deni hilo si ndilo lililoniuma zaidi. Miezi miwili baada ya fainali rafiki yangu akanitumia picha ya kitabu cha kumbukumbu cha Kombe la Dunia kilichotolewa na jarida hilohilo, kinauzwa shilingi 10,000. Ndani yake makala zangu ZOTE tano, na zile mbili zisizolipwa zimo. Juu yake: Na Mwandishi Wetu, Doha. Baadaye zikasomwa redioni neno kwa neno, kwenye kipindi chenye mdhamini. Baadaye tena zikawekwa mtandaoni kwa wasomaji wanaolipia. Nilipopiga simu kuuliza nikajibiwa kwa upole kabisa: "Sasa unadai nini kaka, si ulishalipwa?"

Hebu tulipime jibu hilo. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga ni mji wa baiskeli. Ukikodi baiskeli ya mtu pale Ngamiani kwa saa moja, ukalipa ya saa moja, huna ruhusa ya kuibandua jina la mwenyewe, kuipaka rangi nyingine, na kuikodisha kwa watu wengine watatu. Mwenyewe akija juu huwezi kumwambia "si nilishakulipa?" Mtaa mzima utakucheka. Kwenye baiskeli kila mtu anaelewa. Ikifika kwenye makala, watu wazima wenye ofisi wanajifanya hawaelewi.

NA TIZAMENI KICHEKESHO HIKI

Kwenye Kombe la Dunia kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Nembo, kombe, kikaragosi kile La'eeb, picha za televisheni, vyote vilikuwa na masharti yake. Wahariri wetu wanalijua hilo vizuri mno. Hakuna aliyethubutu kuchapa nembo ya FIFA kwenye fulana na kuiuza Kariakoo kwa jina la jarida lake, maana mawakili wa Zurich hawana utani. Mhariri huyohuyo anayeiogopa nembo ya FIFA haogopi makala ya mtunza stoo. Anajua fika hakimiliki ni kitu gani. Kinachomwongoza ni kuangalia nani ana wakili na nani hana.

Nami hapa nilipo nina mikono mifupi kweli. Ukaazi wangu umefungwa kwa mwajiri mmoja, likizo yangu inahesabiwa siku, na kwenda Dar kufungua kesi ya shilingi 60,000 ni kununua tiketi ya ndege ya zaidi ya laki kumi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ndiyo maana waandishi wa ughaibuni tunapendwa sana na majarida: tuko kwenye tukio, na tuko mbali na mahakama.

WANAVYOJITETEA

Hoja ya kwanza ya wahariri: "Tunakutangaza, tunakupa jina." Jina lipi? Nimeshawaambia lilikuwa Mwandishi Wetu! Na hata wangeliweka, jina ni haki ya mwandishi, haliwezi kuhesabiwa kuwa malipo yake. Muuza nyama hakubali umlipe kwa kumtaja.

Sisi wenyewe tuna historia nzuri zaidi ya hiyo. Jarida la Sani, lile la vibonzo lililotucheshea wazee wetu, lilipata jina lake kutoka kwa majina ya watu wawili waliolianzisha, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Sa na Ni. Kila mtoto aliyelitaja jarida alikuwa anawataja watunzi bila kujua. Kutoka hapo tumefikaje kwenye Mwandishi Wetu?

Hoja ya pili: "Jarida la mashabiki ni mapenzi, sio biashara." Hoja hii naiheshimu kidogo, maana ina ukweli ndani yake. Majarida ya mashabiki kweli yalianza kwa mapenzi. Kule Marekani wapenzi wa hadithi za sayansi walitoa The Comet mwaka 1930. Kule Uingereza mashabiki wa Bradford City walianzisha The City Gent mwaka 1984. Kwenye majarida ya namna hiyo mashabiki wanajitolea: anaandika bure, anachapa bure, anasimama mlangoni kwa uwanja mvua inamnyeshea, na faida ikiwepo inaingia kwenye toleo linalofuata. Nikialikwa kwenye jarida kama hilo nitaandika bure na nitashukuru.

Lakini jarida ninalolizungumzia mimi, mwenye mtambo wa kuchapa alilipwa. Msanifu wa kurasa alilipwa. Dereva wa kusambaza alilipwa. Muuza magazeti wa pale stendi alipata asilimia yake. Aliyeambiwa "haya ni mapenzi" ni mmoja tu, yule aliyeandika. Mapenzi gani hayo ya upande mmoja? Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda naye anakula.

Hoja ya tatu: "Hatuna pesa." Hii nayo wakati mwingine ni kweli. Karatasi ni ghali. Matangazo yamehamia mitandaoni. Hata waliohamia huko walikutana na makubwa: Tanzania mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilileta leseni iliyomgharimu mtu zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, maombi na ada zote pamoja. Mhariri mdogo anabanwa, nakubali.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mhariri asiye na pesa anaweza asiwe na cha kunilipa, lakini HAKI zangu akiniachia hazimgharimu hata senti. Kuandika jina langu kuna gharama gani ya wino? Kuniuliza kabla ya kuweka makala kwenye kitabu ni ujumbe mmoja wa WhatsApp. Kuniachia niiuze makala hiyohiyo kwingine baada ya miezi mitatu hakumpunguzii chochote. Kwa hiyo umaskini unaweza kueleza kwa nini nililipwa 30,000 badala ya 100,000. Hauwezi kueleza kwa nini nilinyang'anywa. Tena mtu asiye na uwezo wa kulipa bei kubwa ndiye anayepaswa kuchukua haki chache zaidi, siyo zote!

SHERIA INASEMAJE

Mimi si mwanasheria, lakini haya yameandikwa na kila mtu anaweza kuyasoma.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, unaitwa Mkataba wa Berne. Kenya iliingia mwaka 1993, Tanzania 1994, Qatar 2000, Uganda 2022. Mkataba huu unasema kazi yako inalindwa bila kutegemea kwanza uisajili popote, na nchi mwanachama inamlinda mwandishi wa nchi nyingine mwanachama kama inavyomlinda wa kwake. Unasema pia kwamba hata ukishauza haki zako za kiuchumi, unabaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Tanzania ina Sheria yake ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina ya 2001, na Qatar ina Sheria Namba 7 ya 2002. Kwa Tanzania na Kenya ulinzi unaendelea maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani wajukuu zangu wangeweza kuidai makala ya Aboubakar!

Kuna watakaosema: "Habari ni ya wote, huwezi kumiliki goli." Kweli kabisa. Mkataba huohuo unasema habari tupu za siku hazina hakimiliki. Kwamba Cameroon iliifunga Brazil 1-0 si mali yangu wala ya mtu yeyote. Lakini namna nilivyoieleza, mzee niliyekaa naye, maneno niliyochagua na mpangilio wake, hivyo ni vyangu. Wangetaka habari tupu wangechukua matokeo wakaandika wenyewe. Hawakufanya hivyo. Walichukua sentensi zangu pamoja na nukta zake.

Sasa sikilizeni na mtego. Wanaoandikia majarida ya Nairobi wawe macho sana. Sheria ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyeiagiza, ISIPOKUWA kama mlikubaliana vingine. Umeelewa hapo? Mhariri akikupigia akakwambia "niandikie makala juu ya mashabiki wa Gor Mahia", ukakaa kimya, ukimya wako unamfanyia kazi yeye. Makala uliyoiandika mwenyewe kisha ukaipeleka kuiuza ni habari nyingine, maana kuihamisha hakimiliki yake kunahitaji maandishi yenye saini yako. Tofauti ya hao wawili ni sentensi moja tu ambayo ungeiandika mwanzoni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nadhani walikuwa na rafiki mwandishi.

WENZETU WALIVYOPAMBANA

Msidhani haya ni ya Waswahili peke yao. Mwaka 1993 waandishi sita wa kujitegemea wa Marekani, akiwemo Jonathan Tasini aliyekuwa kiongozi wa chama chao, walilishitaki The New York Times na wachapishaji wengine. Malalamiko yao yalikuwa ndiyo haya yangu: mlinunua makala kwa gazeti la karatasi, nani aliwaruhusu kuziuza tena kwenye kompyuta? Tarehe 25 Juni 2001 Mahakama Kuu ya nchi ile ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Canada nako, mwaka 2006, mwandishi Heather Robertson alipata uamuzi unaofanana dhidi ya wenye gazeti la The Globe and Mail.

Tukashangilie? Ngojeni kwanza. Baada ya hukumu ya 2001, The New York Times liliamua kuziondoa makala za watu kwenye hifadhi yake kuliko kuzilipia. Na kesi ikiwa bado inasikilizwa, wachapishaji walikuwa wameshaanza kuwapa waandishi karatasi mpya za kusaini zinazosema haki zote ni zetu, za mtandaoni zikiwemo. Fidia iliyofuata nayo ilizunguka mahakamani miaka mingi, ikafika tena Mahakama Kuu mwaka 2010. Kati ya waliopinga masharti yake alikuwamo Irvin Muchnick, mtu aliyejulikana kwa kuandika habari za mieleka, kwa sababu waandishi ambao hawakuwa wamesajili kazi zao walipangiwa kiasi kidogo zaidi.

Funzo ninalolipata mimi ni kwamba mahakama inakuja mwisho, na inakuja kwa mwendo wa kobe. Vita halisi iko kwenye ile dakika kabla hujatuma makala. Ukishatuma bila maneno, umeshatoka golini.

QATAR NA STOO YANGU

Nchi hii inasemwa sana, na mengi inayosemwa ni ya kweli. Watu walicheleweshewa mishahara, wengine wakaburutwa bila malipo. Sisemi ni peponi. Lakini tangu tarehe 20 Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi mwenyewe. Tangu 2015 kuna mfumo wa kulipa mishahara kupitia benki ili serikali ione nani hakulipa. Nikihamisha katoni za sabuni stooni, kuna karatasi inayosema nalipwa kiasi gani na lini. Nikikosa, kuna mahali pa kulalamika.

Nikivua sare nikakaa kuandika kwa Kiswahili, kwa ndugu zangu, kwa jarida la nyumbani... hakuna karatasi, hakuna tarehe, hakuna mlango wa kugonga. Ugenini nina mkataba, nyumbani nina "wiki ijayo kaka". Aibu hiyo si ya Waarabu.

TUFANYE NINI

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Agosti 2025 tulishaonjeshwa kwa CHAN. Majarida ya mashabiki, vitabu vya kumbukumbu na vipindi maalumu vitaota kama uyoga baada ya mvua, na vijana wenye simu na kalamu wataitwa "njoo utuandikie". Wasiposema sasa, watasema 2028 kama ninavyosema mimi.

Kwa hiyo wahariri, nawaombeni mambo matatu tu. Moja, semeni kwa maandishi mnanunua nini: toleo gani, mara ngapi, kwa bei gani, mtalipa lini. Mbili, jina la mtu liwekwe, labda mwenyewe akatae. Tatu, mkitaka kuitumia makala tena, muulizeni, na kama nyie mnapata pesa kwa matumizi hayo, naye apate.

Na nyie waandishi wenzangu, kabla ya kutuma makala tangulizeni ujumbe huu. Unakiliwe ulivyo, hakimiliki yake nawaachia bure:

"Naruhusu makala hii ichapwe mara moja katika toleo la mwezi wa ........ Malipo ni shilingi ........, ndani ya siku 30 tangu kuchapwa. Jina langu litokee kama nilivyoliandika. Matumizi mengine yoyote, iwe kitabu, redio, tovuti au tafsiri, yaombwe upya. Hakimiliki inabaki kwangu. Tafadhali nijibu NIMEKUBALI."

Haichukui hata dakika moja. Mhariri mwema atajibu NIMEKUBALI na kazi itaendelea. Mhariri atakayekasirika ameshakujibu pia, tena mapema, kabla hujapoteza usiku mzima. Hifadhi majibu, hifadhi rasimu zako zenye tarehe, na ukiweza kazi kubwa zisajili, maana usajili hata pale usipokuwa sharti ni ushahidi. Na tuambizane! Anayemdhulumu mmoja Doha anamdhulumu mwingine Muscat na mwingine Toronto, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Kuna atakayesema ninaharibu undugu kwa sababu ya laki moja na hamsini. Ndugu yangu, undugu uliharibika siku makala zangu ziliposomwa redioni na mama yangu akawa anasikiliza, akafurahi habari za Doha zilivyopangika, asijue kwamba anayesomwa ni mwanawe.

Haya, nimemaliza. Wiki ijayo tutarudi kwenye vituko vya joto, Mungu akipenda. Nawatakia Ijumaa njema popote mlipo. Makala hii imeandikwa nami, mwandishi wangu mwenyewe. Ukitaka kuichapa kwako, niulize kwanza. Pengine nitakupa bure.